Waipa zimegoma: pima swichi kabla hujanunua mota

Mvua ya kwanza ya masika ndiyo inayoleta wateja wa waipa. Kiangazi kizima hakuna aliyegusa ule mkono wa swichi, halafu jioni moja, katikati ya foleni, wingu linafunguka, unavuta mkono na kioo kinabaki kama kilivyo. Kesho yake gari liko gereji, na kabla hata boneti haijafunguliwa kuna mtu ameshasema: "Hiyo mota, bosi."

Wakati mwingine ni mota kweli. Lakini niliwahi kuletewa Noah iliyokwisha kubadilishwa mota mara mbili, zote za mtumba, na waipa bado zilikuwa zinatembea kama mzee anayepanda ngazi. Mota zote tatu, pamoja na ile ya kwanza iliyotupwa kwenye buti, zilikuwa nzima. Ubovu ulikuwa pointi moja (vipande vya shaba vinavyogusana kupitisha umeme) iliyoungua ndani ya swichi ya usukani, yaani ule mkono wa waipa. Fundi aliyenitangulia alichomoa plagi ya mota, akapima, akaona volti 12, akasema umeme unafika. Hakudanganya. Umeme ulikuwa unafika, ila hauwezi kazi.

Ukielewa kwa nini volti 12 zilimpotosha, nusu ya mwongozo huu umeshaimaliza. Multimita, kile kifaa cha kupimia volti na omu, haivuti umeme wowote wa maana. Taa ya kupimia ya wati 5 huvuta chini ya nusu ampea. Mota ya waipa huvuta ampea kadhaa, na ikikwama inaweza kupita 10. Sasa chukua pointi iliyoungua yenye ukinzani wa omu 1 tu. Kwa taa ya kupimia itakula kama volti 0.4, na taa itawaka vizuri tu mbele ya macho yako. Kwa mota inayovuta ampea 4 itakula volti 4, na mota itabakiwa na 8. Kwa hiyo pima mota ikiwa imechomekwa na swichi imewashwa, au usipime kabisa.

Nitatumia Toyota za Kijapani za miaka ya 1990 na 2000, kwa sababu ndizo zimejaa barabarani kwetu na kwa sababu nyingi kati yake umeme wote wa mota unapita ndani ya swichi yenyewe. Nissan na Suzuki za umri huo hazitofautiani sana kimawazo, ila herufi na mpangilio wa pini ni vingine.

Umeme unapita wapi

Ukifungua swichi ya gari, ile ya funguo, hadi ON (bila kupiga stata), umeme unatoka kwenye fyuzi ya waipa na kugawanyika njia mbili. Moja inakwenda kwenye swichi ya usukani, pini ya +B. Nyingine inakwenda moja kwa moja kwenye mota, nayo pia huitwa B. Hii ya pili wengi hawaijui, na ndiyo inayowasumbua waipa zikikataa kulala, yaani kurudi chini ya kioo.

Ndani ya mota kuna burashi tatu. Moja ni ya ethi (upande hasi wa betri, ambao ndio bodi ya gari), ya pili ni ya mwendo wa polepole (+1), ya tatu ni ya mwendo wa kasi (+2), ambayo imewekwa pembeni kidogo ili umeme upite kwenye sehemu ndogo ya koili na mota izunguke haraka zaidi. Halafu kuna waya wa +S. Huo unatoka kwenye kisahani cha shaba kilichomo ndani ya giaboksi ya mota. Waipa zikiwa katikati ya kioo, kisahani kinaunganisha +S na moto (umeme chanya) wa B. Zikifika chini kabisa, kinaiachia B na kuunganisha +S na ethi.

Swichi yenyewe kazi yake ni kuunganisha tu:

- OFF (kuzima) na INT (kufuta kwa vipindi): +1 na +S
- LO (polepole) na MIST (kufuta mara moja): +B na +1
- HI (kasi): +B na +2
- Ukivuta maji ya kioo: WF na EW

Angalia OFF vizuri. Ukizima waipa zikiwa katikati, mota haikatiwi umeme. Inaendelea kulishwa kupitia kisahani, +S, swichi, hadi +1, mpaka zilale. Zikilala, +1 inajikuta imeunganishwa na ethi, na mota inajifunga breki yenyewe papo hapo. Ndiyo maana waipa nzima husimama kwa ghafla na haziserereki.

EW ni ethi ya swichi. Pampu ya maji ya kioo ina moto wakati wote swichi ya gari ikiwa ON, na swichi ya usukani inaipa ethi tu kupitia WF. Rilei ndogo ya INT, ambayo katika gari hizi imo ndani ya swichi, nayo inategemea EW hiyohiyo.

Hatua ya kwanza: sikiliza kabla ya kufungua chochote

Lowanisha kioo. Kioo kikavu kinaiongezea mota mzigo na kitakupa majibu ya uongo. Kisha pitisha swichi nafasi zote, moja baada ya nyingine, na uandike kwenye karatasi kinachotokea. Karatasi kweli, si kichwani. Masikio yawe kwenye boneti.

Ukisikia mota inaunguruma lakini waipa hazitembei, hilo si la umeme. Nati ya mkono wa waipa imelegea, au vyuma vinavyounganisha mota na mikono vimechomoka kwenye kile kitufe cha plastiki. Funga, nenda nyumbani.

Hakuna kinachofanya kazi, hata maji: fikiria fyuzi kwanza, ingawa kuna gari zenye fyuzi ya maji peke yake. LO imekufa lakini HI inakwenda, au kinyume chake: fyuzi na ethi ya mota ni nzima, usipoteze muda huko, ni swichi, waya mmoja au burashi. INT na maji vimekufa pamoja huku LO na HI ziko sawa: hiyo ni EW karibu kila mara, na nimewahi kuimaliza kwa skrubu moja ya ethi iliyolegea chini ya dashibodi. Waipa zinafanya kazi dakika kumi, zinasimama, halafu zinarudi baada ya kupumzika: mota inazidiwa. Mota nyingi zina kinga ya joto ndani, na kinachoizidi kwa kawaida ni ekseli za mikono zilizokauka kwa kutu. Kwa magari ya Tanga, Mombasa na Zanzibar hilo ni la kawaida sana, chumvi ya bahari haina huruma.

Hatua ya pili: fyuzi

Soma maandishi kwenye kifuniko cha boksi la fyuzi. Ya waipa katika Toyota mara nyingi ni ampea 20, 25 au 30, yaani njano, nyeupe au kijani. Usiitazame tu kwa macho. Ikiwa bado imechomekwa na swichi iko ON, gusa kwa taa ya kupimia vile vitundu viwili vidogo vya juu yake. Taa iwake pande zote mbili. Ikiwaka upande mmoja, imekatika. Isipowaka kote, umeme haufiki kwenye fyuzi yenyewe, na hapo kosa liko nyuma: swichi ya funguo au fyuzi kubwa.

Fyuzi ikiwa imekatika, weka ya saizi ileile, mara moja. Ikikatika tena, acha, ruka hadi sehemu ya shoti hapo chini. Karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara si fyuzi. Wala si uzi wa shaba uliochunwa kwenye waya. Nimeona nyaya zilizoyeyuka hadi kushikana na za taa kwa sababu hiyo.

Hatua ya tatu: weka daraja, iruke swichi

Hiki ndicho kipimo ninachokipenda kuliko vyote. Kinachukua dakika tano baada ya kufungua vifuniko vya usukani, na kinagawanya tatizo mara mbili.

Kabla ya kufungua, kama usukani una eabegi, chomoa ethi ya betri na usubiri angalau sekunde 90. Plagi za rangi ya njano ni za eabegi. Usizichokonoe na pini, usizipime kwa taa wala multimita, usizichomoe kwa udadisi. Vifuniko vya plastiki kwa kawaida vinashikwa na skrubu tatu kwa chini, na katika gari nyingi swichi ya waipa hutoka bila kuugusa usukani. Katika Toyota zilizotoka Japani mkono wa waipa uko kushoto.

Chomoa plagi ya swichi, rudisha betri, fungua ON. Sasa unashughulika na upande wa nyaya. Chukua waya mnene wenye fyuzi ya ampea 15 au 20 katikati, na uunganishe +B na +1. Hilo ndilo daraja.

Waipa zikianza kwenda polepole vizuri, umeshapata jibu: mota nzima, nyaya nzima, ethi nzima, swichi mbovu. Hamisha daraja hadi +2, ziende kwa kasi. Ukitoa daraja zitasimama palepale zilipo, usishtuke, hakuna kinachozirudisha. Ndipo unapounganisha +1 na +S: zinatakiwa kutembea zenyewe na kulala. Zikilala, hata kisahani ndani ya mota kimeshapimwa, bila kufungua nati moja kule mbele.

Herufi za pini hazionekani? Mara nyingi zimeandikwa kwenye mwili wa swichi, tafuta tochi. Zisipoonekana kabisa, pima. Swichi ya gari ikiwa ON na waipa zimelala, nyaya mbili zitaonyesha volti 12: +B na WF. Hapa vijana wengi wanateleza. WF inapata moto kupitia pampu ya maji, hivyo ukiitumia kama +B waipa zitajikokota na utalaumu mota. Chomoa plagi ya pampu kwenye tangi la maji: waya uliopoteza volti ndio WF. Kisha zima ON na pima ukinzani hadi kwenye bodi. EW na +S zitasoma karibu na sifuri, +1 na +2 zitasoma kidogo kupitia koili ya mota. Na +S kuonyesha ethi waipa zikiwa zimelala ni afya, si shoti. Nimeshakuta waya huo umekatwa na kufungwa kwa plasta, kazi ya mtu aliyeamini amegundua shoti.

Hatua ya nne: daraja halikusaidia, nenda kwenye mota

Kama +B kwenye plagi ya swichi ina moto lakini daraja haliamshi waipa, fungua boneti. Usichomoe plagi ya mota. Ingiza pini nyembamba kwa nyuma ya plagi, sambamba na waya, hadi iguse chuma. Daraja likiwa limewekwa +B na +1, weka pini moja ya multimita kwenye +1 na nyingine kwenye ethi ya mota, si kwenye bodi.

Ukisoma volti 12 au chini kidogo na mota imekaa kimya, mota imekufa, mara nyingi burashi. Hapo nakuruhusu kununua. Ukisoma pungufu sana, tafuta volti zilikokwenda. Hamishia pini: moja kwenye betri chanya, nyingine kwenye +1 ya mota, daraja likiwa bado limewekwa na swichi ya gari iko ON. Mimi hukubali hadi nusu volti upande huo, na zikizidi natafuta plagi yenye kutu ya kijani au waya uliovunjika ndani ya ganda. Halafu betri hasi na ethi ya mota: ikizidi volti 0.2, safisha ethi. Fungua boliti, kwangua rangi na kutu hadi chuma king'ae, funga, paka glisi. Maji yanayopita chini ya kioo cha mbele huanguka palepale kwenye mota, kwa hiyo ethi hiyo ina kila sababu ya kuoza.

Tahadhari moja: mikono isiwe kwenye vyuma vya waipa wakati ON imewashwa. Mota ile ni ndogo, lakini giaboksi yake inaweza kuvunja kidole.

Waipa hazilali, au hazisimami

Zikisimama palepale unapozima, njia ya kuzirudisha imekatika. Rudi kwenye kipimo cha +1 na +S. Zikilala kwa daraja, swichi haiunganishi nafasi ya OFF. Zisipolala, pima B ya mota: lazima iwe na volti 12 ON ikiwa imewashwa. Ikiwa ipo, kisahani kimechakaa.

Zisiposimama kabisa hata ukiweka OFF, chomoa plagi ya swichi. Kama bado zinakwenda, +1 imegusana na waya wenye moto mahali fulani, kagua sehemu zilizofungwa na mafundi wa alamu na redio. Kama zimesimama, pima swichi mezani ikiwa OFF. Ikiunganisha +B na +1, pointi za LO zimeyeyuka na kushikana. Ikiunganisha +1 na +S tu, swichi haina kosa, kisahani ndani ya mota hakiachii moto au kimepoteza ethi.

Fyuzi inakatika

Uliza inakatika lini. Papo hapo unapofungua ON: shoti iko kwenye waya wa B, kwenda swichi au kwenda mota. Unapoweka LO tu: waya wa +1 au mota. Baada ya dakika kadhaa za mvua: vyuma vimekaza, si shoti.

Usiteketeze pakiti ya fyuzi. Weka balbu ya taa kubwa, wati 55, mahali pa fyuzi, kwa nyaya mbili. Chomoa mota na swichi. Balbu ikiwaka kwa nguvu, shoti iko kwenye waya: tikisa nyaya kidogo kidogo ukiitazama, na pale inapozimika ndipo pa kufungua plasta. Usishangae balbu kuwaka mota ikiwa imechomekwa na swichi iko LO, hiyo ni mota inavuta umeme wake wa halali.

Kusafisha swichi au kununua

Pima swichi mezani kwa ile orodha ya juu, huku ukitikisa mkono wake. Isomeke karibu na omu 0 na isirukeruke. Lakini omu ni sawa na volti bila mzigo, pointi iliyoungua inaweza kupita mtihani huu. Daraja ndilo hakimu.

Swichi hizi hufunguka. Zifungulie ndani ya mfuko wa plastiki unaoona ndani, kwa sababu kuna springi na gololi ndogo ambazo zikiruka sakafuni hutaziona tena. Glisi ya zamani huwa imegeuka masizi. Ifute, safisha shaba kwa dawa ya pointi, paka glisi mpya kidogo sana. Kama pointi imechimbika, msasa utakupa msimu mmoja wa mvua, si zaidi. Mimi huwaambia wateja hivyo, na wengi huchagua msimu mmoja.

Ukienda kutafuta ya mtumba, Gerezani ya Dar es Salaam au Kirinyaga Road ya Nairobi, beba swichi yako mkononi. Linganisha plagi, idadi ya pini, kama ina pete ya kurekebisha INT na kama ina waipa ya nyuma. Mwombe muuzaji betri na taa ya wati 55, upime LO na HI zikiwa na mzigo kabla ya kutoa pesa. Akikataa, kuna duka la jirani.

Kwa gari mpya zaidi

Katika magari mengi ya Ulaya, na sasa ya Kijapani pia, mkono wa waipa haubebi umeme wa mota. Unatuma ujumbe tu kwenye kompyuta ya bodi, na kompyuta ndiyo inayoiamuru mota. Usiweke daraja huko, na taa ya kupimia iache kwenye boksi, unaweza kuunguza kitu cha bei kubwa. Chomeka skana, tazama kama kompyuta inaiona swichi ikibadilika kutoka LO kwenda HI. Ikiona, lakini waipa hazitembei, shuka kwenye fyuzi, moto na ethi ya mota kama kawaida.

Ukishafunga kila kitu, mwagia kioo maji kwa mpira na uache waipa kwenye HI dakika kumi. Kisha shika plagi ya swichi na plagi ya mota kwa mkono mtupu. Ikiwa mojawapo ina joto la kukufanya utoe mkono, bado kuna pini iliyolegea humo, fungua tena kabla mteja hajafika.